Kalibu Tisa na Shati Moja

Shemeji yangu Wendell Hupp ana kalibu tisa za kusubia risasi za gobore, yaani vyombo vya kumiminia madini ya moto yapoe yawe risasi, na kwa miaka mitatu hajaua hata sungura. Nasema hivyo bila chuki. Mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya machimbo ya chokaa, akipima malori yakiingia matupu na kuyapima tena yakitoka yamejaa, lazima apime kitu akishastaafu, la sivyo atapima watu. Heri apime risasi.

Alimwoa dada yangu Verda mwaka ule mto ulipofurika ukachukua daraja, na tangu hapo mimi na yeye ni mashemeji wa kuvumiliana. Ananiita mvivu kwa sababu risasi zangu nanunua dukani, ziko ndani ya pakiti, tayari. Mimi namwita fundi, na anajua kabisa kwamba simsifu.

Gobore, kwa asiyelijua, ni bunduki ya kushindiliwa mdomoni. Unamimina baruti, unatia risasi, unaisukuma hadi chini kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Ukikosa, unaanza upya, na kulungu hana sababu ya kukungoja. Siku hizi risasi haiingii uchi. Ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo inavalishwa kikombe kidogo cha plastiki, inatoka nacho, na kikombe kinaanguka njiani. Babu zetu walikuwa na goroli moja, kalibu moja na mke mmoja, na nyama walikula. Sisi tumeletewa kikombe, na kikombe kinakubali risasi fupi na ndefu, butu na ya ncha, yenye tundu kichwani na isiyo na tundu, ya uzito wa greni mia mbili hamsini na ya mia tatu. Kila moja na kalibu yake. Hapo ndipo Wendell alipopotelea, na hadi leo hatujaitisha watu wa kumtafuta.

Lakini ukimcheka kabla ya kujua habari ya shati, utakuwa umemwonea. Mwache kwanza.

Kambi yetu ya kuwindia iko juu ya kilima cha Burl Ullman, nyuma ya bonde la Sugar Run. Ni chumba kimoja cha mbao, jiko la kuni, vitanda sita na panya ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Sheria zake ni chache, na ya kwanza ni hii: aliyemfyatulia kulungu risasi akamkosa hukatwa mkia wa shati. Lile lile alilovaa, kile kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya suruali. Kinapigiliwa ukutani kwa msumari, jina na mwaka juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Mchungaji wetu kakatwa. Daktari wa meno kakatwa shati la hariri, shauri yake, nani alimtuma kuja porini na hariri. Mimi nimekatwa mara mbili, na mara zote mbili jua lilikuwa machoni.

Ukutani kuna mikia kumi na tisa. Kumi na mmoja kati yake ni ya Wendell, na yote kumi na mmoja ilishonwa na Verda.

"Wenzangu wanawashonea waume zao mashati ya kuvaa," alikuwa akisema. "Mimi wangu namshonea mapambo ya ukuta wa Burl."

Alikuwa na ulimi, dada yangu. Kwetu hatukuachiwa shamba, tuliachiwa ulimi, na tuligawana sawasawa.

Saratani ya kongosho haikumpa muda mrefu. Januari ile nzima na nusu ya kwanza ya Februari alikaa dirishani, mto mgongoni, akishona shati moja la sufu nzito, miraba myekundu na myeusi. Alilimaliza asubuhi moja ya theluji. Nilikuwa jikoni kwao nakunywa kahawa yao alipomwita mumewe.

"Hili si la kanisani," alimwambia. "Na usije ukalifungia kabatini kama zile sahani za mama. Hili ni la kulungu. Ulivae, ukaue."

"Nitalivaa."

"Sema naahidi."

"Naahidi, Verda."

"Na Lowell ni shahidi, ingawa ushahidi wake haununui hata kitunguu."

Lowell ndiye mimi. Tulimzika wiki ya tatu ya Machi, ardhi ikiwa bado ngumu hivi kwamba wachimbaji walichelewa, na Wendell akasimama pale akiwatazama kama anayekagua lori lisilo na karatasi. Hakulia mbele yetu. Alirudi nyumbani, akalitundika lile shati kwenye msumari wa mlango wa chumba cha kulala, si kabatini, na pale likakaa.

Sasa tazama alivyofungwa. Shati lazima alivae kwenye kulungu, kaahidi. Akilivaa akakosa, linakatwa, maana sheria ni sheria. Na anayekata ni mimi, kwa kuwa mkono wa Burl siku hizi unatetemeka, na mkasi wa kambi nilikabidhiwa kwa kura ambayo sikuomba. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya mikono ya dada yangu ilikuwa inasubiri mambo mawili: Wendell akose, na kaka mtu aipitishie mkasi. Na Wendell kukosa, ukutani pale ushahidi upo.

Basi akaamua kwamba dawa ni risasi. Akipata risasi isiyokosa, shati litapona.

Ya kwanza aliipata kwenye soko la vitu vikuukuu, kalibu ya chuma yenye matundu mawili na kutu ya kutosha matundu manne. Akaisugua wiki nzima. Kibanda chake cha nyuma akakipa jiko la umeme la kuyeyushia, feni, na mlango wa kufunguliwa wakati wa kazi, maana moshi wa madini ya risasi si wa kuchezea. Nilikwenda kumtazama siku ya kwanza. Kalibu ikiwa baridi hutoa risasi zenye makunyanzi, na alizirudisha zote sufuriani. Ilipopata moto zikatoka nzuri, nazo akazirudisha.

"Hizo zina nini?" nikamuuliza.

"Nene mno."

"Nene kiasi gani?"

"Nusu ya unywele."

"Unywele wa nani, shem? Maana wako hauna nusu."

Wendell ana kipara tangu akiwa na miaka thelathini, lakini utani huo haukumfikia. Alikuwa amekamata risasi moja kwenye kile kipimo chake cha kubana, anaigeuza, anaigeuza tena, na midomo yake inasogea kama mtu anayesali.

Ya pili ilikuwa ya alumini, ikatoa nyembamba. Ya tatu ilitengeneza risasi yenye tundu kichwani, kwa kijiti unachochomeka na kuchomoa kila mara, hivi kwamba alasiri nzima ilimpa risasi kumi na nane na malengelenge mawili. Nyingine ilitoa risasi zenye mifereji mingi ubavuni ya kupakia mafuta, jambo jema kwa bastola, ila ndani ya kikombe cha plastiki mafuta hayana kazi yoyote. Akagundua hilo baada ya kuinunua. Kuna moja ya matundu sita ambayo ikijaa ni nzito kama ndoo, ikamtegua kifundo cha mkono, akaiuza, akajuta, akainunua tena kwa mtu yule yule. Sikudanganyi.

Ushauri aliupata kwa wazee wa mtandaoni. Wako wengi, wamestaafu wote, na kila mmoja ana jibu. Mmoja wa Missouri anayejiita Moshi Mzito alimwambia greni mia tatu au aache kuwinda. Mwingine wa Michigan akamwambia mia tatu ni za kuulia treni. Wendell alichapisha majibu yao kwenye karatasi, akayatoboa, akayatia kwenye faili lenye kadi za rangi za kutenganishia. Na risasi alizozikataa zilirudi sufuriani, zikatoka, zikakataliwa, zikarudi. Nina hakika mle ndani mna madini yaliyoyeyushwa mara arobaini na hayajawahi kunusa baruti.

Mchagua jembe si mkulima. Nilimwambia hivyo msimu wa kwanza ulipopita bila yeye kupanda kilimani, na msimu wa pili nilimwambia tena kwa sauti kubwa zaidi. Januari zote mbili alikuja kambini kutupikia maharage na mkate wa mahindi, akiwa amevaa sweta. Hakuna sheria ya kukata sweta, kwa sababu hakuna anayewinda na sweta alilofumiwa na mke wa jirani, lenye vifungo vya maua. Hilo nalo nilimwambia.

Kusema kweli, ilikuwa inaniuma. Mwanamume aliyekuwa akikosa kulungu kila mwaka kwa furaha, akikatwa shati huku anacheka, sasa anakoroga chungu na kuwauliza wenzake huko nje kukoje. Kwa hiyo Novemba ya mwaka wa tatu, tulipokuwa tumekaa kambini baada ya kuziba paa, nilifanya ambalo sikuwahi kufanya. Nilimwombea msamaha.

"Mzee Burl," nikasema, "lile shati la Verda tulitoe kwenye sheria."

Burl ana miaka sabini na saba na anaongea polepole, kama anayelipia kila neno. "Mie sina neno," akasema. "Ila nikilitoa la Verda, mwakani mchungaji ataniletea alilobatiziwa."

"Mchungaji hana mke aliyekufa."

"Acheni," Wendell akasema. Alikuwa anaosha vikombe, ametugeuzia mgongo. "Nani kakutuma, Lowell? Alinishonea shati la kuwindia. Hakunishonea shati la kuonewa huruma. Nikikosa, kata."

"Haya vaa basi, twende."

"Ntavaa. Kalibu ikishapatikana."

"Ngapi sasa?"

"Nane."

"Na ya tisa?"

"Ya tisa," akasema, akijifuta mikono taratibu, "imeshafika."

Hiyo ya tisa ndiyo iliyonifunga mdomo. Ni ya shaba nyeupe, nzito, tundu moja tu, imechongwa na fundi mmoja kwa vipimo ambavyo Wendell alimwandikia kwenye kurasa tatu, na aliingoja miezi mitano. Alikuwa ameinyamazia tangu Oktoba. Kesho yake akanipeleka kwenye uwanja wake wa shabaha nyuma ya ghala, na risasi za madini laini matupu aliyoyapata kwenye mabomba ya zamani ya nyumba ya mama yake. Risasi ikaingia kikombeni kwa kusukumwa na dole gumba. Kikombe kikateremka mtutuni kwa mdeki bila kelele. Kwa hatua mia, risasi tano zilikaa ndani ya eneo ambalo ungelifunika kwa kisahani cha chai.

"Enhe?" akasema.

"Zimebaki ngapi?"

"Arobaini."

"Zinatosha kukosa hadi uzeeni. Hongera, shem. Usiziguse tena."

Nilisema hivyo. Maneno hayo hayo, usiziguse tena, na ndege wa pale ghalani ni mashahidi wazuri kuliko mimi.

Jumamosi moja ya Desemba nikapitia kwake kumpelekea mkate wa maboga, nikakuta feni ya kibanda inazunguka. Mezani kulikuwa na risasi zimepangwa mistari juu ya taulo, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Kingo zake zilikuwa kali, nyuso zake laini. Nikaziangalia, nikajua kuna jambo.

"Hizi ni zile arobaini?"

"Ni zile, nimeziboresha," akasema, na akajaribu kuficha tabasamu. "Zile zilikuwa zimefifia, kingo hazisomeki. Nimezirudisha sufuriani, nikaongeza vile vyuma vya kubalansi magurudumu. Ona zilivyokuwa ngumu. Jaribu kukwaruza kwa kucha."

Sikukwaruza. Niliketi. Madini yale ya magurudumu ni magumu, na yakipoa hayanywei sana kama yale laini, kwa hiyo kalibu ile ile hutoa risasi nene kidogo zaidi. Hilo anayelijua vizuri kuliko watu wote wa wilaya yetu ni Wendell Hupp. Yeye ndiye aliyenifundisha. Lipo kwenye faili lake, nyuma ya kadi ya kijani.

Nikachukua moja nikaitia kwenye kikombe cha plastiki. Iliingia kwa kulalamika.

"Inabana, shem."

"Kubana ndo usahihi wenyewe."

"Mlango ukibana huwa husemi ni sahihi. Unaupiga randa."

"Lowell, mbona leo umegeuka fundi?"

"Umezijaribu?"

"Kalibu ni ile ile," akasema, na alinitazama kwa huruma. "Nijaribu nini tena?"

Miaka mitatu mtu huyu amejaribu kila kilichoyeyuka. Siku ya mwisho, na zile alizokusudia kuvalia shati la mkewe, hakujaribu. Mchagua nazi hupata koroma, lakini yeye alikuwa ameshapata nazi yake nzuri, akairudisha mtini mwenyewe.

Siku ya kwanza ya msimu, mwanzoni mwa Januari, tulikuwa watatu kambini: Burl, Wendell na mimi. Mchungaji alikuwa na mafua. Wendell akaamka akalitoa shati kwenye mfuko wa karatasi, akalivaa juu ya nguo za ndani nzito, akafunga vifungo kuanzia chini. Sikuwa nimeliona mwilini mwake. Lilimkaa barabara, mabega yakiwa mahali pake. Burl akajifanya anachochea moto.

"Mbona huku nyuma zito hivi?" Wendell akasema, akichomeka mkia ndani ya suruali kwa shida.

"Umenenepa," nikasema.

"Hapana. Alijua kiuno changu kinaumwa na baridi." Akavuta kanda za suruali mabegani. "Kanishonea nene kwa ajili ya kiuno."

Nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia upepo. Hapakuwa na upepo wowote.

Alishindilia bunduki yake pale barazani. Baruti iliingia vizuri. Risasi ikaingia kwa kuegemewa na kifua, uso ukamwiva, hadi alama ya mdeki ikafika panapotakiwa. Akavaa kizibao cha rangi ya chungwa, akateremka kwenye mti wake. Mimi nikakaa upande wa pili wa kijito, juu kidogo, namwona kama kwenye sinema.

Dume alitoka saa tatu na nusu. Alikuwa na pembe zenye matawi manne kila upande, shingo nene, na mwendo wa mwenye shamba. Akasimama hatua sitini kutoka kwa Wendell, ubavu wazi, akaanza kutafuna kitu. Nilimwona Wendell akiinua bunduki polepole. Nilisema, Verda, msaidie, na mimi si mtu wa kuomba wafu.

Moshi ukajaa. Ulipoinuka, dume alikuwa bado amesimama, ameinua kichwa, anatazama mti nyuma yake ambapo magome yalikuwa yanadondoka toka urefu wa mtu juu ya mgongo wake. Kikombe kilikuwa kimeing'ang'ania risasi ile nene, kikatoka nayo, kikaipeleka kilikotaka chenyewe.

Na dume hakukimbia. Wapo wengine hivyo, sijui ni ujasiri au ni upumbavu. Wendell akaanza kushindilia tena. Sasa mtutu una masizi ya baruti, plastiki imekakamaa kwa baridi, na risasi ni ile aliyoiboresha. Ikafika katikati ikagoma. Risasi iliyogoma katikati hailipuliwi, labda kwa anayetaka kuupasua mtutu na uso wake. Akasukuma. Akaweka kitako cha bunduki chini akaning'inia kwenye mdeki kwa mikono miwili, magoti hewani. Mtu wa miaka sitini na tisa. Dume akamtazama, akatafuna, akamtazama tena, na kwa dakika nne hivi wale wawili walikuwa wanatazamana, mmoja ananing'inia na mwingine anakula.

Nilikuwa nacheka hadi machozi. Kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. Bunduki yangu ilikuwa magotini, imeshindiliwa, risasi ya dukani, na dume alikuwa ndani ya uwezo wangu. Sikuinua. Nilishindwa kabisa. Dume alipochoka nasi akaondoka kwa kutembea.

Burl aliendesha kesi akiwa amekaa kitandani.

"Baruti iliwaka?"

"Iliwaka," Wendell akasema.

"Kulungu alikuwepo?"

"Alikuwepo mpaka akachoka."

"Mzee, jua lilikuwa machoni," nikasema.

"Lowell, hatujaona jua tangu Krismasi."

Wendell hakungoja hukumu. Akavua kizibao, akashusha kanda za suruali, akauchomoa mkia wa shati, akatugeuzia mgongo.

"Kata."

"Siwezi, shem."

"Ulikuwa shahidi. Kata, Lowell, usinitese."

Nikachukua mkasi. Nikashika mkia kwa kidole gumba na cha shahada ili nijue nianzie wapi, na kidole kikahisi kitu. Nguo ilikuwa inateleza juu ya nguo. Nikauinua ule mkia. Chini yake kulikuwa na mkia mwingine. Nikauinua na huo. Chini kabisa ndipo ulipokuwa mkia wa shati lenyewe, sufu nzito, umekunjwa pindo na kushonwa mishono midogo midogo iliyobanana, kazi ya mtu asiyetaka ifumuke.

Miwili ya juu ilikuwa ya kitambaa chepesi zaidi, miraba ile ile. Na haikushonwa. Ilikuwa imepigwa bandi tu, uzi mweupe, mishono mirefu ya kuvutwa, na mwisho wa kila uzi ameacha kijikia cha kushikia.

"Unangoja nini?" Wendell akasema.

Sikutumia mkasi. Nikashika uzi wa juu nikauvuta, ukatoka wote kwa mkono mmoja, na mkia ukabaki mkononi mwangu. Nikamzunguka kwa mbele nikampa.

Aliukagua. Akaupeleka mkono nyuma, akapapasa, akaukuta wa pili, akaukuta na ule wa chini. Alipapasa muda mrefu. Miaka mitatu shati limening'inia mlangoni pake, na hakuwahi kuutia mkono nyuma yake.

"Miwili," akasema.

"Miwili," nikasema.

"Miwili tu, Lowell." Akaukunjua ule mkia. "Alidhani nitakosa mara mbili tu."

Akaketi kwenye kitanda cha mchungaji akalia, kwa mara ya kwanza tangu Machi ile, huku anacheka, huku amekamata kile kitambaa kwa mikono yote miwili. Burl akasimama akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa hauhitaji kuchochewa.

Kesho yake akaniomba risasi ya dukani. Nikamuuliza kama kalibu tisa zimekufa zote siku moja. Akasema niache maneno nimpe. Nikampa mbili, ziko ndani ya vikombe vyake tayari, ziliteremka mtutuni kwa adabu. Alimfyatulia jike kwa hatua arobaini akamkosa vizuri kabisa, na safari hii hakukuwa na kalibu ya kusingiziwa. Jioni, kabla ya maharage, akauvuta uzi wa pili mwenyewe.

Ukuta ukafikisha mikia ishirini na mmoja. Siku ya tatu nilimkuta asubuhi amelivaa shati lile lile, jepesi sasa mgongoni, anakunywa kahawa amesimama.

"Kaa ndani leo, shem," nikamwambia. "Hakuna wa akiba tena. Ahadi umetimiza, umelivaa."

"Hakuniambia nivae tu," akasema. "Aliniambia nikaue."

Akachukua bunduki akatoka, na mkia wa shati ulikuwa nje, hakuuchomeka. Nikachukua yangu nikamfuata. Mkasi niliuacha mezani.